Dawa ya Kutembin

9 Januari

Mke mwenzangu,

Hujambo wewe? Na babako hajambo? Mimi sijambo, na nikisema sijambo ujue sijambo kweli, si ile sijambo ya watu wa huko mjini, ya kuitikia huku mtu kakaa na anahema.

Kifurushi ulichompa kondakta wa basi kimefika. Nimekuta mafuta ya kuchua, vidonge vya magoti, na ule mkanda wa kiunoni unaotetemeka wenyewe. Mafuta nimempa jirani. Vidonge vimo humu humu kwenye bahasha, vinarudi kwenu. Mkanda nimefungia mlango wa banda la kuku na umefaa sana.

Nani kakwambia magoti yangu yanauma? Yanauma, ndiyo. Ni magoti, si mito ya kulalia. Nilipovunjika nyonga miaka mitatu iliyopita mlinitaka nilale niletewe kila kitu mdomoni. Yule bwana viungo wa hospitali, anayewazoesha watu kutembea tena, ndiye aliyeniambia, "Bibi, mfupa umeunga. Iliyobaki ni kazi yako, si yangu." Nilimtukana. Siku ya pili nikamtukana tena. Siku ya tatu nikafunga mlango ili mtu asinione, nikashika ukingo wa meza, nikaizunguka mara moja huku nalia. Kesho yake mara mbili. Leo nateka maji mwenyewe, na huyo anayesema mimi ni mzee aje tubebe ndoo tuone.

Sasa nije kwa babako. Kondakta kanitobolea siri mliyonificha. Kasema mwanangu alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi za ofisi yao, ngazi zenyewe sita, akabebwa na walinzi wawili kama gunia. Mwanangu! Mtu aliyekuwa tarishi miaka kumi na minane, akipeleka barua ofisi hadi ofisi kwa miguu, akimaliza soli za viatu mpaka fundi viatu akamtania kwamba anazila! Kisha wakampandisha cheo, wakamweka kwenye chumba cha mafaili, na tangu hapo hana safari ila ya kwenda chooni.

Nasikia mmempeleka kwa daktari. Niandikie alichosema. Nataka neno la daktari lilivyotoka kinywani mwake, sitaki ulilolipika wewe. Na usinipigie simu kwa jirani. Kwenye simu mkibanwa mnasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao.

Ni mimi bibi yako, naandika kwa mkono wangu, kisomo cha jioni cha watu wazima hakikwenda bure.


20 Januari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na una hasira kidogo tu. Sisi huku wazima, shughuli ndizo zinazotuzidi. Dukani nafungua saa mbili asubuhi na kufunga giza likiwa limeshaingia, na miguu inavimba kwa kusimama kaunta.

Pole kwa kukuficha. Baba alikataza. Alisema, "Mama akijua atakuja na fimbo."

Kwa daktari tulikwenda. Ni daktari mpya, binti mdogo, sidhani kama amenipita umri. Akampima presha, akampima sukari, akakuta sukari iko juu. Akamuuliza, "Mzee unafanya kazi gani?" Baba akajibu, "Nakaa." Alikuwa na maana kwamba anakaa na mafaili, Bibi, lakini daktari aliandika hivyo hivyo kwenye kadi: anakaa.

Basi akamwandikia vidonge vya sukari, na chini yake akaongeza mstari mmoja: *Kutemb. 30 x 1*. Maana yake atembee dakika thelathini, mara moja kila siku. Baba hakuuliza. Aliona namba, akajua ni dawa.

Sasa sikia kichekesho, usinikasirikie. Alikwenda nacho kile cheti duka la dawa. Muuzaji akampa vidonge vya sukari. Baba akagonga kaunta. "Na hii nyingine? Hii Kutembin?" Muuzaji akatazama cheti, akamtazama Baba, akasema, "Ahaa, Kutembin. Yenyewe hasa imekwisha, mzee, ilikuwa inatoka nje. Lakini ninayo nduguye." Akamhesabia vidonge thelathini vya manjano, vitamini tu visivyodhuru mtu, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika juu: kimoja kwa siku.

Bibi, Baba sasa ni mtu mwingine! Asubuhi anameza na maji ya vuguvugu, anafumba macho, anaweka mkono kifuani. "Naisikia," anasema. "Inatembea." Mimi najibanza jikoni nikicheka mpaka machozi.

Kwa hiyo usihofu. Vidonge vya sukari anavyo, na roho yake imetulia. Nakutumia kanga mbili kwa kondakta, usifungie kuku.

Mjukuu wako akupendaye.


28 Januari

Mke mwenzangu,

Hujambo? Kanga nimezipata, nzuri, nimevaa moja.

Umesema nisikukasirikie kwa kichekesho chako. Sikukasirika. Nimekisoma mara nne, nikitafuta mahali pa kucheka.

Mimi nilisoma miezi saba tu, jioni, kwa taa ya chemli, lakini nilifundishwa kwamba msomaji mzuri anasoma na kile ambacho hakikuandikwa. Umeandika kila kitu. Umeandika muuzaji alivyotazama cheti, kisha akamtazama babako. Umeandika rangi ya vidonge na rangi ya bahasha. Umeandika hata neno "hasa." Kitu kimoja tu hukuandika, jina la duka wala huyo muuzaji ni nani. Na mji wenu una maduka ya dawa mangapi ambayo babako angeacha la mwanawe akaenda la mtu baki?

Sisemi kitu. Nauliza tu.

Wakati unatafuta jibu, fanya hivi. Asubuhi kabla ya kazi mtoe nje. Mwambie amsindikize bintiye mpaka dukani, barabarani kuna mbwa. Mwanamume hawezi kuambiwa "tembea," lakini akiambiwa "nisindikize" atavaa viatu. Atasema amechelewa, mwamshe mapema. Atasema goti, mwambie na langu. Juma la kwanza atakuchukia, na la pili vile vile. Mimi yule bwana viungo nilimchukia miezi miwili, na leo akipita hapa nampa mayai.

Niandikie upesi.

Bibi yako.


16 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Najua miezi imepita. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Habari za afya yako napata kwa kondakta, anasema ulimgombeza kwa kutoshuka kwenye basi kukupa mkono. Nimefurahi.

Bibi, muuzaji ni mimi.

Alikuja saa ya watu wengi. Mwenye duka alikuwepo, na foleni ilifika mlangoni. Nikasoma cheti, nikakielewa mara moja, nikainama nikamwambia polepole, "Baba, hapa imeandikwa utembee. Nusu saa kila siku." Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Soma vizuri! Nimekusomesha mimi, nimekaa foleni tangu asubuhi, halafu uniambie dawa ni kutembea? Kutembea natembea tangu nina mwaka mmoja!" Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mpe mzee dawa yake, binti, asije akatulilia." Uso wa Baba ulikuwa umebadilika, Bibi. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa kama mtu anayeomba. Ndipo mdomo wangu ukasema, "Ahaa, Kutembin."

Nilidhani itaishia pale. Lakini alikwenda ofisini akawasimulia wenzake wa mafaili. Wakaja watatu. Kisha wakaja na wake zao. Kila mtu anataka ile ya manjano, ile inayotembea. Mwenye duka akaniuliza, "Kutembin ni nini hiyo?" Nikamweleza ukweli, nikitegemea anifukuze. Alicheka mpaka akakaa chini. Juma lile lile akachapisha karatasi za kubandika kwenye chupa: KUTEMBIN, KWA MAGOTI, SUKARI, UZITO NA UCHOVU. Kuna bwana mmoja anakaa ng'ambo ya barabara, naona mlango wake kutoka kaunta. Anakuja kuinunua kwa bodaboda.

Na watu wanasema wanapata nafuu, Bibi. Wanashukuru. Mimi nimefanywa msimamizi wa kaunta.

Lile ulilonielekeza nilijaribu. Alinisindikiza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Sasa nitembee na nimeze? Unataka kuniua kwa kuzidisha dozi?"

Lakini kinachoninyima usingizi si hicho. Jana nilikuta vile vidonge vya sukari chini ya godoro lake, pakiti nne, hazijafunguliwa. Anasema dawa mbili za kazi moja ni kujaza tumbo bure, na Kutembin inamtosha.

Nifanye nini?

Mjukuu wako.


21 Mei

Mjukuu wangu,

Sijambo.

Unaniuliza ufanye nini. Jibu unalijua, unataka tu litoke kwangu ili likiharibika liwe langu. Haya, na liwe langu. Mwambie. Kaa mbele yake, toa chupa, sema: Baba, hiki ni kitu cha bure, nilikudanganya mimi, dawa yako ya kweli ni hii uliyoificha chini ya godoro na ile nyingine iko nje ya mlango. Mwambie kabla hajameza kingine. Usimwachie mtu mwingine amwambie, wala usingoje siku nzuri. Siku nzuri ya kusema hivyo haiko kwenye kalenda.

Na usijiambie kwamba ulimhurumia. Uliona haya mbele ya watu. Huruma ni kitu kingine, huruma huwa inachosha.

Nimeandika hapo juu nikaweka kalamu chini, nikaenda kuteka maji, nimerudi. Maana kuna jambo nalo linanitazama, na sitakuacha ubebe mzigo wa nyumba nzima kwa kichwa chako kimoja.

Babako alipokuwa na miaka mitano aliugua homa ndefu. Ilipomtoka alibaki na miguu kama vijiti vya mshikaki. Nesi wa zahanati akaniambia, "Mama, mtoto hana ugonjwa sasa. Mwache acheze, apande, aanguke, miguu itarudi." Mimi nilitoka nyumbani alfajiri nimembeba mgongoni, niambiwe acheze? Nilimpigia kelele yule mama wa watu mpaka wagonjwa wengine wakatoka nje. Nikamwambia sitoki hapa bila sindano. Mtoto wa fulani kachomwa, wangu ana nini hata asichomwe?

Nesi akachoka. Akageuka mezani, akavuta sindano. Nikaona kichupa alichovutia. Herufi nilikuwa sijazijua, lakini kichupa kile nilikijua, ndicho walichochanganyia dawa za unga. Yalikuwa maji. Alijua ni maji, na mimi nilijua ni maji, tukatazamana juu ya kichwa cha mtoto. Nikasema, "Mchome."

Alilia kidogo. Kisha akanyamaza, akasema, "Mama, nimepona." Nikamrudisha nyumbani mgongoni. Nilirudi zahanati ile kila alipokohoa, na kila mara nilikuwa na furaha, maana kumbeba mtoto mpaka kwa nesi ni rahisi kuliko kumtazama akianguka uani siku nzima.

Hilo sijamwambia mtu yeyote. Yeye ukimuuliza leo atakwambia sindano ndizo zilizomnyanyua.

Kwa hiyo mimi nilitangulia na wewe umenifuata. Mwambie, mjukuu wangu. Mimi sikumwambia, na umeona tulipofika.

Bibi yako.


2 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Pole na kazi.

Barua yako niliipata mwezi wa tano. Nilimwambia mwezi wa saba. Usiniulize nilikuwa nangoja nini. Kila asubuhi nilisema jioni, na kila jioni alikuwa amechoka.

Nilimkalisha kama ulivyosema. Nikamwambia yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akatabasamu, akanipiga piga begani. "Mwenye duka kakutuma? Anataka kupandisha bei?" Nikamwapia. Akasema, "Mwanangu, wewe unauza tu, mimi ndiye ninayeimeza. Nani anaijua zaidi?" Nikachukua chupa nikamwaga vidonge vyote kwenye sinki. Kesho yake alikwenda duka jingine. Bibi, maduka mengine nayo wanayo. Wameichapisha wenyewe, ya kijani.

Sasa la pili. Ndala yake ilitokeza msumari, hakuusikia, sukari imeshamtia ganzi miguuni. Alitembea nao humo ndani ya nyumba sijui siku ngapi. Niliona damu sakafuni nikadhani ni ya nyama. Nilipomvua, kidole kilikuwa cheusi na harufu imeshaanza. Tulikimbia hospitali kubwa. Yule yule daktari mdogo alikuwa zamu. Alisoma kadi, akauliza kama alikuwa anatembea. Baba akajibu, "Kila siku, daktari, thelathini mara moja." Daktari akaandika kwamba anatembea.

Nilikuwa nimesimama pale pale, Bibi. Sikusema.

Wanakata kesho kutwa, chini ya goti. Baba amewauliza kama hakuna sindano.

Mjukuu wako.


4 Agosti

Mjukuu,

Barua hii inatangulia na kondakta, nami nakuja kwa basi la alfajiri kesho. Nitalala kwa babako, na mkeka nabeba mwenyewe. Usinipikie wala usinikodie gari, niambie tu mlango wa hospitali uko upande gani.

Bibi.


19 Oktoba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Baba hamjambo humo chumbani, na hamgombani sana.

Mimi huku tawi jipya sijambo. Nilijua utakasirika nilipokubali uhamisho juma lile lile ulilofika, lakini mwenye duka hakunipa nafasi ya kufikiri, na wewe ulikuwa umeshachukua nafasi yangu kando ya kitanda. Ulivyokuwa unanitazama, Bibi, nilishindwa hata kumvisha soksi.

Nimefurahi kusikia mguu wa bandia umemkaa vizuri na kidonda kimefunga. Kondakta anasema unampigisha kwata kama askari, na kelele zenu zinafika barabarani. Bibi, naomba usimtese. Amepita mengi. Watu siku hizi wana vitu vya kuwasaidia, si lazima mtu ateseke ili apone.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe mbili. Safari hii ni kweli. Nina kitu cha kumrahisishia, nimekitafuta kwa muda mrefu.

Mjukuu wako.


7 Novemba

Kwa binti wa mwanangu,

Jumamosi tulikungoja. Nilimwogesha mapema, akavaa shati la kazini.

Nikueleze kwanza tulipokuwa tumefika, maana hukuuliza. Chumba hiki, kutoka kitandani mpaka mlangoni, ni hatua kumi na moja. Nilifunga kamba kutoka nondo za dirisha mpaka komeo la mlango, usawa wa kiuno chake, naye akashika kamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika bega langu. Majuma mawili ya kwanza hakusimama hata kidogo, alikaa ukingoni akinitukana. Aliniita mchawi. Nikamwambia mchawi hupaa, mimi nataka utembee. Alisema mguu unamuuma ule ambao haupo. Nikamwambia basi anza na huo mwingine.

Juma la tatu alisimama. La nne akapiga hatua mbili akaanguka nami chini, tukalala pale sakafuni vizee wawili, mama na mwana, na nyonga yangu ikalia ko! Nikadhani ndiyo basi. Akaniuliza, "Mama, umeumia?" Nikamwambia, "Nyanyuka uone." Akanyanyuka kwanza ndipo akaninyanyua.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yako, alifika hatua saba. Akasimama katikati ya chumba, akajipangusa paji la uso, akatazama kiganja chake. Akasema, "Mama, natoka jasho." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea siku nyingi. Nikampangusa kwa ncha ya kanga.

Jumamosi ikaja. Saa nne ikasimama gari mlangoni, nikasema ndiye yeye. Akashuka dereva wa duka lenu na mtu wa kumsaidia, wakashusha kiti. Kiti chenye magurudumu na betri, kina kijiti cha kushika mkononi. Na barua ya mistari miwili kwamba umebanwa na kazi. Dereva akamwonyesha: ukisukuma mbele kinakwenda mbele, ukivuta kinarudi, usiku unakichomeka kwenye umeme. Hata mtoto anaweza.

Akakaa. Akakizungusha chumbani mara tatu, akacheka. Nimekaa naye miezi mitatu sijasikia kicheko chake. Alitoka mpaka nje, majirani wakampigia makofi. Aliporudi ndani kamba ikamkwaruza shingoni. Akasema, "Mama, fungua hiyo, inaniziba njia."

Nilimwambia kesho. Jumapili nikamwamsha, nikasimama na bega langu tayari. Akasema, "Leo Jumapili." Jumatatu akasema mguu wa bandia unambana. Jumanne ulikuwa umesukumwa chini ya kitanda. Jana akanishika mkono, kwa upole sana, upole wenyewe ndio ulioniuma, akaniambia, "Mama, umefanya kazi kubwa. Rudi nyumbani ukapumzike. Sasa nina kila kitu."

Ni hatua saba, ewe mtoto. Nimezipata kwa majuma kumi, kwa matusi na kwa nyonga hii. Ulizichukua kwa asubuhi moja, na hukuja hata kuziona.

Najua ulimaanisha wema. Hata mimi nilimaanisha wema nilipomwambia nesi amchome. Hilo nalo nililitafakari usiku kucha, nikitafuta niweke wapi hasira yangu, na kila nilipoiweka nilikuta nimekaa hapo mimi mwenyewe.

Asubuhi hii nimeifungua kamba kwa mkono wangu. Fundo la mlangoni lilikuwa limekaza kwa uzito wake, nimelifungua kwa meno. Yeye alikuwa nje kwa jirani, anamwonyesha jinsi kinavyorudi nyuma. Basi langu linaondoka saa sita.

Usinitumie kitu. Kamba nimeiacha juu ya kabati. Ukitaka kuifunga tena, inafungwa usawa wa kiuno.

Mama yake babako.